Pikipiki Izimikapo Njiani



Juma hili tumeazimia kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi ya akina mama wakaona haliwahusu: injini ya pikipiki inayozimika ghafla ilhali imo mwendoni. Lakini ni nyumba ngapi za pwani yetu leo zisizoitegemea pikipiki? Ndiyo inayowapeleka watoto chuoni, ndiyo iletayo unga na samaki, na sisi wenyewe ndio tunaokaa nyuma ya kiti tukienda sokoni, hospitalini na matangani. Chombo kilichobeba riziki na roho zetu hakifai kuwa siri ya mafundi peke yao.

Tunaandika haya kwa sababu ya tukio lililotufika. Chama chetu cha wanawake, hapa Kisauni, kilimchangia mwenzetu mmoja, mjane, akamnunulia mwanawe pikipiki. Tulikubaliana aturudishie kidogo kidogo kila juma, bila riba. Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vyema. Zilipoingia mvua za masika, kijana akaanza kurudi na nusu ya pato. Akiulizwa husema, "Inazimika njiani, mama. Nangoja kidogo, kisha inawaka."

Mama akaipeleka kwa fundi. Ikawaka kwa kiki moja. Fundi akaizungusha mtaani, akarudi bila kuona kasoro, akabadilisha plagi. Juma lililofuata akabadilisha koili. Mara ya tatu akashauri inunuliwe kabureta mpya. Kila ikifika kwa fundi ni nzima. Kila ikiingia barabarani ni mgonjwa. Basi mama akakata shauri ambalo huenda yeyote kati yetu angelikata: kijana anadanganya, na fedha zina njia nyingine. Nyumbani mle yakasemwa maneno yasiyofaa kusemwa baina ya mzazi na mwana. Na sisi wa chama, Mola atusamehe, tulikubaliana naye.

Siku moja kijana alimpakia mamake kwenda Mtwapa kumzuru mgonjwa. Katika barabara ya Malindi pikipiki ikapungua nguvu, ikakohoa, ikazimika katikati ya njia. Lori lililokuwa nyuma likawakwepa kwa shubiri chache. Mama anatuambia kwamba honi ile angali anaisikia usiku.

Wakaisukuma hadi kwa fundi mzee aliyekuwa hatua chache kutoka hapo. Mzee yule hakushika spana. Aliuliza kwanza: "Inazimikaje? Ghafla kama taa, au inakohoa? Huenda muda gani kabla ya kuzimika? Na siku gani huzidi?" Kijana akajibu kwamba hukata pumzi polepole, baada ya robo saa hivi, na huzidi siku anapoijaza tangi. Mzee akafungua kifuniko cha tangi. Hewa ikaingia kwa mlio, mithili ya mtu anayevuta pumzi. Chini ya kifuniko akatoa kipande cha nailoni cha mviringo, kilichokatwa vizuri kwa makasi.

Mama alikitambua. Alikikata kwa mkono wake kutoka kitambaa cha meza, akakibandika mvua zilipoanza, ili maji yasiingie kwenye tangi. Kijana alikiona kila alipotia petroli, wala hakukidhania.

Maelezo yake ni haya. Katika pikipiki nyingi za kabureta, petroli hushuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake. Kila tone litokapo, sharti hewa iingie kushika nafasi yake, na hewa hiyo hupitia tundu dogo lililomo katika kifuniko. Tundu likizibwa, kwa nailoni, vumbi au kutu, petroli hukataa kushuka na injini hufa kwa kiu ilhali tangi limejaa. Tangi likijaa zaidi, hewa iliyomo huwa chache, na kiu huja upesi. Ukingoja, hewa hupenya kidogo kidogo na injini huwaka tena. Na kwa kuwa kila fundi huanza kwa kufungua kifuniko atazame mafuta, kila fundi aliiponya bila kujua.

Funzo tulilolipata ni kwamba injini husema ugonjwa wake kwa namna inavyozimika. Anayejua kusikiliza hapotezi fedha, wala hamdhulumu mtu kwa dhana.

Kabla ya yote ni usalama. Injini izimikapo, dereva asihangaike kuiwasha katikati ya barabara. Avute klachi ili gurudumu la nyuma liwe huru, awashe ishara, na aache mwendo uliobaki umfikishe ukingoni upande wa kushoto. Abiria ashuke kwa upande wa kushoto, kwa kuwa bomba la moshi aghalabu huwa kulia na huunguza, kisha asogee mbali na barabara. Sisi tuvaao buibui tuukusanye upindo wake tangu tunapopanda. Kitambaa kikinaswa na cheni au gurudumu, huo ni msiba mwingine kabisa. Na anayechungulia tangi usiku atumie tochi, kamwe asiwashe kiberiti.

Sasa tutazame namna tatu za kuzimika.

Ya kwanza ni kuzimika ghafla, kama taa iliyozimwa. Hii aghalabu huwa ni kasoro ya umeme. Tuanze na yaliyo mepesi: swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani huenda iliguswa na kidole gumba, ufunguo huenda umelegea, na katika baadhi ya pikipiki, stendi ya pembeni ikishuka injini hukatwa. Kisha tubonyeze honi na kuwasha taa. Vyote vikiwa kimya, tutazame fyuzi na vichwa vya betri. Hapa pwani hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula vichwa vya nyaya hadi vikaota ungaunga mweupe au wa kijani. Huhitaji kusafishwa na kukazwa. Honi ikilia na taa zikiwaka, tutazame kofia ya plagi iwapo imechomoka au imeingia maji ya mvua. Ikiwa injini huzimika ikipata moto sana na huwaka ikishapoa, wala kufungua tangi hakusaidii, hapo ndipo koili hushukiwa kwa haki.

Ya pili ni kuzimika kwa kukohoa na kupungua nguvu. Hii aghalabu huwa ni kasoro ya mafuta. Je, tangi lina petroli? Koki imefunguliwa? Mafuta yakiwa chini, koki igeuzwe kwenye akiba. Kisha kifuniko kifunguliwe: ikisikika hewa ikiingia na injini ikawaka, ugonjwa umejulikana. Isipokuwa hivyo, huenda kuna maji au taka katika kabureta. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya kikombe cha kabureta, na fundi huyatoa kwa kulegeza skrubu ndogo iliyo chini yake, injini ikiwa imepoa. Tuwe macho pia na petroli ya chupa iuzwayo kando ya njia. Uchanganyaji wa mafuta ya taa na petroli umetusumbua nchini hata mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya wachanganyaji ikatike.

Ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Injini hupata joto kali, hutoa mlio wa chuma kusugua chuma, kisha hushikana, na kiki haishuki hata ikikanyagwa kwa nguvu. Huo ni ugonjwa wa oili. Hapo tusilazimishe chochote; pikipiki isukumwe au ibebwe hadi kwa fundi. Maradhi haya huzuiwa nyumbani. Pikipiki isimamishwe wima mahali palipo sawa, injini ikiwa haifanyi kazi, kisha oili ipimwe kwa kijiti chake au kitazamwe kijidirisha kilicho ubavuni. Kazi hiyo haizidi dakika mbili, na mama wa nyumba aweza kuifanya.

Kwa hivyo, pikipiki ikienda kwa fundi, tusimwambie tu kwamba imeharibika. Twende na majibu ya maswali matano: Ilizimika ghafla au kwa kukohoa? Ilikuwa imekwenda kwa muda gani? Taa na honi zilifanya kazi? Mvua ilikuwa ikinyesha, au ilikuwa imetiwa mafuta karibuni? Na iliwaka tena baada ya kufanya nini? Fundi mwaminifu atashukuru, kwani tumemfupishia kazi. Na asiyekuwa mwaminifu atajua kwamba mwenye chombo si kipofu. Tena tuombe vifaa vilivyotolewa turudishiwe mkononi, tuvione.

Tukizuia maji ya mvua, tusizibe kifuniko. Pikipiki iegeshwe chini ya kipaa, au ifunikwe turubai ikiwa imesimama na imepoa, na mpira wa kifuniko ukichakaa ubadilishwe. Nia ya mama yule ilikuwa njema, lakini nia njema haimfundishi mtu mahali hewa ipitapo.

Walirejea Kisauni jioni hiyo, pikipiki ikienda bila kukohoa hata mara moja. Mama alimwomba mwanawe radhi mbele ya nduguze, naye akambusu mkono. Kijana alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza, ila hakuwa na maneno ya kumtetea, nasi hatukuwa na subira ya kumuuliza. Katika kikao chetu cha chama kilichofuata tulimwita, tukamwomba radhi nasi, tukampa muda zaidi wa kulipa, kwa kuwa fedha za koili zilipotea kwa kosa lisilo lake.

Kipande kile cha nailoni mama amekihifadhi katika kabati la vyombo. Anasema kila atakapotaka kumkaripia mtoto kabla ya kumsikiliza, atakitazama kwanza.

Tukutane juma lijalo, inshallah.