MTOTO MGONJWA ASINGOJE MATANGA



Mtu akifa katika jamaa zetu, mchango hupatikana. Karatasi huzungushwa karakana yote kabla ya saa ya chakula, na asiye na fedha huandikwa deni mpaka mwisho wa mwezi. Gari la kupeleka maiti Migori hulipwa, ng'ombe hununuliwa, mahema hukodishwa. Hatusemi jambo hili ni baya, maana kumzika mtu kwa heshima ni desturi yetu. Lakini twauliza: mtoto wa shule akiugua, karatasi ile iko wapi?

Twauliza kwa sababu mwenzetu mmoja wa gengi la njia alimpeleka hospitali mtoto wa marehemu ndugu yake. Ugonjwa wake ni selimundu, ule ugonjwa wa damu uliojaa pande zetu za ziwa, ambao humshika mtoto mifupani kwa maumivu makali hata asiweze kukaa darasani. Mtoto alitibiwa, akapata nafuu, lakini hakuruhusiwa kutoka mpaka deni limalizwe. Akakaa wodini siku tisa zaidi, hali wenzake wanafanya mtihani, na kila usiku deni likiongezeka. Jina la hospitali hatulitaji. Fedha zilipatikana siku ya tisa. Kama mtoto yule angalikufa, zingalipatikana siku ile ile.

Wengine husema hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, na chama hakitaacha kuidai. Tangu mwaka 2018 wanafunzi wa shule za sekondari za serikali walikuwa na bima iliyoitwa EduAfya, wakatibiwa bila mzazi kutoa kitu. Mwisho wa mwaka 2023 ikakoma. Wale wa shule za msingi hawakuwamo tangu mwanzo. Kisha Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, ikaja SHA. Sisi wenye mshahara twakatwa shilingi 2.75 katika kila mia, tupende tusipende, na bima yetu yamfaa mke na watoto wetu wa kuzaa. Mtoto wa marehemu ndugu yako haandikwi kwa neno la mdomo tu, na mnajua ni wangapi kati yetu wanalea watoto kama hao.

Mvuvi wa Muhuru Bay, mama anayeosha dhahabu kule Nyatike, kibarua wa kukata miwa Awendo, hawa hawana karani wa kuwakata kila mwezi. Wao hukadiriwa hali zao, na fedha hutakiwa za mwaka mzima. Aliye chini kabisa hukadiriwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka. Kwa mtu anayekula alichopata leo, huo ni mlima. Akijiandikisha tu, atatibiwa bure katika zahanati na kituo cha afya, na kila mmoja wetu awaambie jamaa zake wajiandikishe. Lakini mtoto akizidiwa na kupelekwa hospitali kubwa alazwe, bima isiyolipiwa haimsaidii.

Hatudharau misaada ya kutoka mbali. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za UKIMWI bure katika hospitali ya Homa Bay, wakati tulipokuwa tukizika kila juma, na wako watu wazima leo waliopona utoto wao kwa dawa zile. Wanafunzi wengi wa pande za ziwa hupewa shuleni dawa za minyoo na kichocho bila malipo. Haya twayashukuru. Lakini mkono wa mbali huweza kuondolewa bila kuulizwa anayeushika. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wauguzi wengi waliolipwa kwa fedha hizo waliambiwa wabaki nyumbani.

Tena iko misaada ya picha. Mtoto husimamishwa mbele ya bango, ameshikishwa sanduku la dawa, watu wakapiga makofi. Bango lenyewe lingetosha kununua dawa. Chama kisifanye hivyo kamwe.

Tazameni Lwala, karibu na Rongo. Watu wa kijiji kile waliuza kuku na ng'ombe, wakapata dola 900 za nauli ya ndege ya kijana wao Milton Ochieng', aliyepata nafasi katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Ndugu yake Fred akamfuata. Wazazi wao wakafa kwa UKIMWI, na vijana wale, wakiwa bado wanasomea udaktari, wakafungua zahanati kijijini kwao mwaka 2007. Leo ni hospitali. Watu wengi wakifika pale huona fedha za wageni, nazo kweli zipo. Sisi twaona kuku wale.

Kwa hiyo twataka kila mwanachama wa tawi atoe shilingi 20 kwa mwezi. Wanachama 90 watatoa shilingi 1,800, na kwa mwaka shilingi 21,600. Hizo zatosha kulipia SHA ya jamaa sita walio katika kiwango cha chini. Si wengi, lakini katika jamaa sita mna watoto wengi. Ilipwe bima kabla ya ugonjwa, tusingoje kulipa deni mlangoni mwa hospitali, maana deni la wiki mbili wodini laweza kumeza mchango wote. Majina yaletwe na walimu wakuu pamoja na wahudumu wa afya wa vijijini, wanaojua nyumba isiyo na kitu. Afisa wa chama asiingize jamaa yake. Hesabu isomwe kila mkutano, na mwenye kutaka kuona kitabu aonyeshwe.

Wako watakaouliza kwa nini mtu wa Machakos amlipie mtoto wa Migori. Reli yenyewe haikufika Migori. Iliishia Kisumu mwaka 1901, na wazee wetu waliifuata huko huko. Tunaanza na Migori kwa kuwa wengi wa tawi hili ndiko kwao. Wa Machakos na Busia nao walete majina, yatasomwa.

Jambo hili litaletwa katika mkutano wa kwanza baada ya mishahara. Mweka hazina atakuja na kitabu kipya. Mwenye jina la mtoto ampe katibu katika karatasi iliyokunjwa, pamoja na jina la shule.