Kuongea Kiingereza Si Kukifundisha

Majuzi hapa Galbet, kwenye mkutano wa vijana, jamaa mmoja aliyevaa koti katika jua la Garissa aliwaambia waliomaliza kidato cha nne kwamba riziki yao iko mdomoni. "Nyinyi mnaongea Kiingereza. Lipieni kozi ya saa 120 kwenye simu, mpate cheti, mwende Vietnam, Thailand, China. Huko walimu wanatafutwa usiku na mchana." Akapigiwa makofi. Ningetoka, ila nilikuwa nimekaa katikati ya safu.

Imani hii kwamba kila anayeongea Kiingereza anaweza kukifundisha tunaijua vizuri, maana imetuumiza. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa katika shambulio la Kamuthe, hapa kwetu Garissa, Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Chaki wakaachiwa nani? Vijana waliomaliza kidato cha nne, wasiopitia chuo chochote cha ualimu. Siwalaumu, walishika walichoachiwa. Lakini muulize mzazi wa hapa kama aliridhika. Sasa upungufu huo tunataka kuusafirisha hadi Hanoi na kuuita ajira!

Chukua neno moja tu, "cat". Mtoto aliyezoea maandishi ya Kisomali, yaliyorasimishwa kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, anajua kwamba c ni ain, ile sauti ya kooni. Basi "cat" ataianzia kooni, na kwa anavyojua yeye, hajakosea. Sauti ya p haimo katika Kisomali, kwa hiyo "pen" inakuwa "ben". Na alfajiri alikuwa duksi, akisoma Kurani kutoka kulia kwenda kushoto. Mwalimu aliyesomea kazi anajua kosa limetoka wapi: anamwekea mtoto kiganja mbele ya mdomo, ausikie upepo wa p. Anayejua kuongea tu hufoka, "Nimesema P!" Mtoto naye anajibu "B!" kwa sauti kubwa zaidi. Huyo ndiye tunayemtuma kwa mtoto wa Kivietinamu, ambaye lugha yake mwalimu huyo hajawahi hata kuisikia.

"Mbona mama humfundisha mtoto lugha bila cheti?" akauliza mmoja pale mkutanoni, akashangiliwa kama amefunga bao. Mama yuko na mtoto mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Wewe utakuwa na watoto arobaini, kwa dakika 35, na kengele haitakusubiri.

Tunawacheka vijana wa Ulaya wanaoteremka Diani na Watamu kufundisha Kiingereza wiki mbili, wakaimba, wakapiga picha na watoto, wakapanda ndege. Kumbe tulikuwa tunawaonea wivu.

Na pasipoti ya safari hiyo? Watu wa huku walihojiwa na kamati za mchujo miaka mingi kabla ya kupewa kitambulisho tu, hadi Rais Ruto alipotangaza mjini Wajir, Februari 2025, kwamba mchujo huo umekwisha. Kijana aliyesota hivyo leo anaambiwa amkabidhi wakala pasipoti yake pamoja na pesa za mbuzi wa mamake. Wapo Wakenya walioahidiwa kazi Thailand wakajikuta Myanmar, wamefungiwa ndani, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Jamaa wa koti hakuligusa jambo hilo. Wala hakusema kwamba Vietnam hudai digrii kabla ya kibali cha kazi, au kwamba China kazi hiyo huwapa zaidi wenye pasipoti za nchi kama Uingereza na Marekani.

Vijana wetu waende, sina kinyongo. Lakini wasomee ualimu kwanza. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichoanza kama chuo cha walimu, si mbali. Soma, jiandikishe TSC, simama mbele ya darasa la nne mpaka ujue kwa nini mtoto anakosea, kisha hicho cheti cha saa 120 kiwe nyongeza. Anayeona njia hiyo ni ndefu aende zake, ila asijiite mwalimu: mwenye visa ya utalii ni mtalii, hata akibeba chaki.