Jina la bendi linauzwa shilingi ngapi?

Wiki iliyopita nilikwenda Same kumsalimia bibi. Jioni binamu yangu akanivuta hadi nyuma ya stendi, kwenye chumba walichokodi yeye na wenzake wanne. Wana bendi. Vyombo vyao ni gitaa moja lenye nyuzi tano na ngoma ya kuazima. Jina hawana.

Au tuseme wameshapewa. Mfanyabiashara mmoja wa tangawizi ameahidi kuwanunulia magitaa mawili, kinanda na spika. Sharti ni moja tu: bendi iitwe jina la duka lake. Anataka jibu Jumamosi.

"Kaka, wewe mwandishi, tushauri," akasema binamu.

Alikuwa amevaa fulana ya mtumba yenye picha ya Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza. Nikamuuliza kama anajua nani alichagua jina hilo. Hajui. Basi nikamwambia ni mzaliwa wa Zanzibar! Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, ndiye Freddie Mercury. Brian May na Roger Taylor walikuwa kwenye bendi iliyoitwa Smile. Alipojiunga nao mwaka 1970, wenzake walikuwa na mapendekezo yao, yeye akang'ang'ania Queen. Umaarufu hawakuwa nao bado, lakini jina lilikuwa lao.

Bendi zetu kubwa zilipita njia nyingine. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na bendi yake: NUTA Jazz. Chama kikageuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Miaka ya 90 ikaja OTTU, tukapata OTTU Jazz. Sibezi utaratibu huo, maana mwanamuziki alipata mshahara na vyombo. Lakini kila mwajiri alipobadilika, bango lilipakwa rangi upya.

Kilichobaki ni nini? Msondo, mtindo wao, wenye jina la ngoma. Leo bendi ni Msondo Ngoma. Hata watani wao, walioanza mwaka 1978 kwa jina la baa ya Mlimani Park, wakaongezewa DDC walipochukuliwa na shirika hilo mwaka 1983, mashabiki wanawaita Sikinde tu. Hiyo nayo ni ngoma, ya Wazaramo.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa huu: pokeeni vyombo, muandikishiane, jina la duka likae kwenye spika na hata kwenye mashati. Jina la bendi chagueni wenyewe. Mkikosana na mzee kesho, atatafuta vijana wengine awape jina lile lile, na nyinyi hamtakuwa na la kusema.

"Na akikataa?" binamu akanibana. "Wewe unarudi Dar. Sisi tutapigia nini?"

Hapo nilinyamaza kidogo. Gitaa la nyuzi tano halijazi ukumbi, najua. Lakini bado nasema wasiuze. Gitaa linanunuliwa hata mwakani. Jina ambalo watu wameshalizoea, ukiliacha kwa mwenye duka unaanza upya.

Mpiga ngoma wao, kijana mkimya, akapendekeza Shengena, kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare. Mimi nimelipenda. Jumamosi nitapiga simu nijue wameamuaje.

Wewe je, ungekuwa wewe, ungeuza?