Kabla ya kumwandikia bosi barua ya kuacha kazi

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Wazazi wengi wa Voi, Mwatate na Wundanyi huitoa methali hii mara tu kijana wao anayeunda programu za kompyuta anaposema anataka kuacha kazi. Wanashangaa: unakaa kitini, mshahara unaingia kila mwezi, wataka nini tena?

Mzazi ana hoja. Lakini, mpenzi msomaji, kazi hazifanani. Dereva wa treni hufuata ishara za reli. Asipozifuata, watu wataangamia. Mkata mkonge wa Mwatate hupimiwa kazi kwa vitita. Muunda programu naye hulipwa ili afikiri. Akiamriwa kila hatua, akapangiwa siku ya kumaliza bila kuulizwa, kisha akalaumiwa programu inapoharibika, amebebeshwa mzigo wa uamuzi usio wake. Hilo huchosha kuliko wingi wa kazi.

Hata hivyo, usihame kwa hasira. Kwanza zungumza na mkubwa wako. Mwombe sehemu moja tu ya kazi uisimamie mwenyewe, kwa muda mtakaokubaliana, tuseme miezi mitatu. Akikupa, huenda shida imekwisha. Akikunyima, au akikupa kisha akawa anakuchungulia kila saa, umepata jibu.

Kadhalika, chunguza uendako. Kwenye mahojiano, uliza ni nani huamua kazi ifanywe vipi. Kufuata mshahara mnono kwa bosi wa aina ile ile ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Ukiamua kuondoka, fuata utaratibu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi wa mshahara wa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28, ila kama mkataba unataja muda mrefu zaidi. Mwajiri naye anapaswa kukupa cheti cha utumishi. Usiondoke na programu ulizounda kazini. Kwa kawaida ni mali ya mwajiri.

Na ikiwa karo ya wadogo zako inategemea mshahara huo, waeleze wa nyumbani mapema, uweke na akiba ya miezi kadhaa.

Nanyi wazazi, badala ya kumfokea kijana, muulizeni anakwenda wapi na amejiandaa vipi. Mbacha ulioliwa na mchwa haufai kung'ang'aniwa. Muhimu ni kuhakikisha msala umeshatandikwa.