Msiba wa Mpiga Gita na Deni la Wapenzi Wake

Tarehe 12 Januari 1979 Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki dunia mjini Mombasa baada ya kupata ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 34. Kwa wapenzi wa muziki wa dansi katika Afrika Mashariki, tangu Morogoro alikokulia kimuziki hadi huku kwetu pwani ya Kismayu, siku hiyo ilinyamazisha gita ambalo watu walilitambua kabla hata mtangazaji hajataja jina la mpigaji. Miaka mingi imepita, na bado wako watu wazima wenye mvi ambao humtaja kama mtu anavyomtaja ndugu yake aliyetoka nyumbani asubuhi na asirudi.

Hatuandiki leo kwa ajili ya kuamsha kilio cha zamani. Tunaandika kwa sababu iko tarehe inayokaribia, ambayo wengi katika wanaojiita wapenzi wake hawaijui, na ambayo ikipita haitarudi. Tutaieleza mahali pake.

Sisi watu wa pwani ya kaskazini tuna namna yetu ya kuukumbuka msiba huo. Januari ni mwezi wa kaskazi. Ndio wakati ambapo mashua na majahazi ya Wabajuni wa Koyama, Chovae na Chula hupata upepo wa kuteremkia Lamu na Mombasa, na anayetaka kurudi hana budi kungojea kusi. Chombo kilichotia nanga Mombasa siku zile kisingeweza kupandisha habari upesi. Lakini redio haingojei msimu. Mawimbi ya Nairobi na Dar es Salaam hayakuishia Kiunga, na Kiswahili cha nyimbo za Mbaraka hakikuhitaji mkalimani Chovae. Tukumbuke hali ya mambo ilivyokuwa zama hizo: Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972, kikawa lugha ya shule na ofisi, na hilo lilikuwa jambo la haki na la heshima kwa taifa. Hata hivyo Mbajuni wa kisiwani, na Mbarawa mwenye Chimiini chake, hawakuisoma lugha yao katika kitabu cha shule. Iliwafikia kwa masikio. Ilifika kwa mawaidha ya msikitini, kwa tenzi, kwa taarab ya Lamu, na kwa gita la mtu wa Morogoro.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, mwaka ule ule ilipoundwa Morogoro Jazz Band, bendi ambayo aliingia mwaka 1965. Katika mwaka huo huo wa 1965 mji wa Morogoro ulimpoteza Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba, naye vilevile kwa ajali ya gari. (Barabara zetu zimekula wanamuziki wengi, watu ambao kazi yao huwaweka safarini usiku wakati wenzao wamelala, hilo peke yake lingestahili tahariri nyingine.) Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilivuka bahari hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka alijitenga na bendi hiyo, akaunda Super Volcano, ambayo aliiongoza mpaka kufa kwake. Bila yeye haikudumu.

Aliyemsikiliza vizuri atakumbuka mpango wa nyimbo zake. Kwanza kisa husimuliwa taratibu, kwa maneno ya mtu wa kawaida: ukosefu wa fedha, mapenzi, safari, fitina za watu wa mtaani. Magita hujibizana chini kwa chini, kama watu wanaosikiliza na kuitikia "naam". Kisha waimbaji huacha, mwendo hukazwa, na gita la solo hushika usukani. Hapo ndipo palipomtofautisha na wengine. Hakupiga kwa haraka ili asifiwe wepesi wa vidole. Alirudia kipande kifupi mara nyingi, kila mara akikigeuza kidogo, mpaka msikilizaji akahisi kwamba lile lililoshindikana kusemwa kwa maneno sasa linasemwa. Wimbo wa Shida ulienea kila mahali kwa sababu hiyo. Kila mtu ana shida, na karibu kila mtu hukosa namna nzuri ya kuieleza.

Wako watakaosema kwamba kumlilia mpiga gita ni upuuzi. Wazee wetu wa visiwani, watu wa msikiti na chuo, hawakuwa na mapenzi na gita, na hatukusudii kubishana nao katika jambo la dini. Tunapenda tu kukumbusha kwamba ni watu wa pwani hii hii waliotuonyesha jinsi ya kumlilia msanii. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yangezikwa pamoja na kizazi kilichoyasikia, lau si juhudi ya Mwalimu Sikujua, ambaye aliyakusanya kutoka katika vinywa na karatasi za watu miaka mingi baadaye, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Diwani ilipochapwa mwaka 1940, Muyaka alikuwa kaburini kwa karne nzima. Hatujui Mwalimu Sikujua alilia machozi kiasi gani, wala si lazima tujue. Aliandika.

Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka wapenzi wa muziki waipime. Ziko aina mbili za maombolezo. Moja hujaza uwanja, hukata shughuli za mji, na hupewa hata amri ya Serikali: alipofariki Franco Luambo Makiadi mwezi Oktoba 1989, Zaire ilitangaza siku 4 za maombolezo ya taifa, na kwa hakika alistahili. Aina ya pili haina shamrashamra. Ni kuuliza mjane na watoto wanakula nini, santuri ziko wapi, nani anapokea fedha, na majina ya wapigaji yameandikwa wapi. Aina ya kwanza tunaijua vizuri mno. Ya pili tunawaachia wengine, na mara nyingi hao wengine ni wafanyabiashara.

Tutazame mambo yalivyokwenda. Katika miaka ya 1970 bendi za Tanzania zilikuwa zikirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zikapigwa hewani kila siku. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na aliyetaka wimbo wake uuzwe dukani ilimpasa aelekee Nairobi. Mbaraka alikwenda, na santuri zake zikatolewa na Polygram. Baada ya kifo chake kampuni hiyo ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho. Jina zuri. Wapenzi walizinunua, na kila aliyenunua aliona kwamba ametoa mkono wa rambirambi. Lakini msiba wa kawaida una daftari: jina la mtoaji huandikwa, kiasi huandikwa, na wafiwa hukabidhiwa mbele ya watu. Mnunuzi wa santuri hakuonyeshwa daftari lolote. Hakuwa na njia ya kujua ni senti ngapi katika shilingi zake zilizofika kwa wafiwa, wala hakuzoezwa kuuliza.

Jambo hili si la Afrika peke yake, na ni vyema tulione hivyo ili tusidhani ni laana yetu. Jimi Hendrix, mpiga gita wa muziki wa roki kutoka Marekani, alifariki London mwezi Septemba 1970 akiwa na umri wa miaka 27. Vijana wa dunia nzima walimlilia, na santuri zake hazijakoma kuuzwa. Hata hivyo baba yake mzazi alizirejesha mikononi mwake haki za nyimbo za mwanawe mwaka 1995, baada ya kwenda mahakamani. Robo karne ya maombolezo, na wengine wakihesabu fedha! Mwaka huo huo wa 1995 Dar es Salaam ilimzika Marijani Rajabu, aliyepewa jina la Jabali la Muziki, mtu ambaye sauti yake ilijaza kumbi za Tanzania nzima. Katika miaka yake ya mwisho alijikimu kwa kuuza kanda za muziki katika kibanda kidogo. Waliompita kibandani bila kununua walikuwa wapenzi wake.

Sasa tuifikie tarehe tuliyoitaja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, na Kenya ndiko zilikotolewa santuri za Mbaraka, inaulinda utunzi wa muziki kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyonaswa, inalindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Hesabu si ngumu. Rekodi za mwaka 1973, alipoianzisha Super Volcano, zilitoka katika ulinzi huo mwisho wa mwaka 2023. Tungo zake zote zitafuata tarehe 31 Desemba 2029. Baada ya siku hiyo, kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu yeyote ataweza kuzichapa na kuziuza, na warithi hawatakuwa na la kudai. Pengine litakuwa jambo jema kwa wasikilizaji. Lakini kwa wafiwa, huo ndio mlango wa mwisho, na unafungwa polepole huku sisi tukiendelea kuimba.

Kuna watakaouliza haya yanamhusu nini mtu wa Chovae. Yanamhusu mara mbili. Kwanza, vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwatoa Wabajuni wengi visiwani na kuwapeleka kwa mashua mpaka Mombasa, wengine wakaishi katika kambi ya Jomvu hadi ilipofungwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Mtu anayekimbia na watoto habebi sanduku la santuri. Mkusanyo wa nyumbani, ambao katika miji mingine ndio uliohifadhi kile ambacho redio na kampuni zilikipoteza, kwetu ulibaki nyuma. Pili, na hili ni zito zaidi, Mbaraka angalau alirekodiwa. Waimbaji wetu wa vave, zile nyimbo ndefu za wakulima wa Kibajuni, wapiga ngoma wa harusi, na vijana waliojifunza gita kwa kuiga walichokisikia redioni, wengi wao walizikwa na sauti zao. Msiba wao ulilia kisiwa kimoja, na ukaishia ufukweni.

Wasiosadiki kwamba jambo linaweza kufanyika na watazame kaskazini, katika ardhi ya Wasomali wenyewe. Hargeisa ilipokuwa ikikabiliwa na mabomu mwaka 1988, watu wa redio walizifukia kanda ardhini ili zisiteketee. Zilichimbuliwa baadaye, zikahifadhiwa, na mwaka 2017 nyimbo za namna hiyo zilikusanywa katika albamu iliyotolewa na Ostinato Records wa Marekani, ikafika hadi kushindania tuzo ya Grammy. Muziki wa Dur-Dur Band ya Mogadishu, bendi ya magita iliyotikisa mji katika miaka ya 1980, umetolewa upya na kampuni za Marekani na Ujerumani, na vijana waliozaliwa baada ya vita wanaucheza. Tunalipongeza jambo hilo. Wakati huo huo hatuna budi kusema kwamba ni aibu kidogo kuona hazina ya nyumbani ikipewa jina na bei mahali pengine, ilhali sisi wenyewe hatujaandika hata orodha.

Orodha ndiyo kazi ya kwanza, na haihitaji mfadhili. Wazee waliosikia, waliocheza na waliopiga bado wapo Kismayu, Lamu na Mombasa, na wengine wako Uingereza, ambako Wabajuni wengi walipata hifadhi. Wengi wao wana kanda kuukuu zilizofungwa katika kitambaa, zisizo na jina juu yake, na wao peke yao ndio wanaojua ni sauti ya nani na ilinaswa katika harusi ya mwaka gani. Vijana wenye simu za kunasa sauti wakae nao, na kabla ya kunasa wimbo wanase kwanza majina: aliyetunga, aliyeimba, aliyepiga gita, aliyepiga ngoma, na mahali alipozikwa kama amekwisha kufa.

Kwa upande wa Serikali, redio za taifa za Tanzania, Kenya na Somalia zina kanda katika maghala yao zilizorekodiwa kwa fedha za umma. Tunazitaka zichapishe orodha ya kilichomo, pamoja na majina ya wapigaji wote na si ya viongozi wa bendi tu, ili warithi wajue cha kudai na wapi pa kukidai. Kwa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, orodha hiyo inatakiwa itoke mapema, kabla ya Desemba 2029.