Kalibu au Ngeli?
Pande za Masalani, Garissa, mwanamke wa Kisomali wa jamii ya wafugaji anapohama huifungua nyumba yake, fito na mikeka, akaisimamisha kwingine kwa viungo vilevile. Programu ya usanifu majengo iitwayo Revit nayo huweka milango na madirisha katika makundi yatumikayo tena na tena. Jambo si geni. Kinachokosekana ni istilahi. “Kalibu” haitoshi: ikibadilishwa, matofali yaliyokwisha kufyatuliwa hayabadiliki. Katika Revit, upana wa aina moja ya mlango ukibadilishwa, milango yote ya aina hiyo hufuata. Istilahi inayostahiki ni “ngeli”: “kiti” kikiwa “viti”, sentensi nzima hupatana nacho. Wanaisimu wakinyamaza, wasanifu watakopa neno la Kiingereza.