Kengele Iliyovunjika Ikalia Tena

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya kengele ya kanisa. Wengi wetu tumekua tukiisikia. Penye uwezo ilikuwa kengele hasa. Pasipo uwezo ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa mwembeni na kugongwa kwa nondo. Ilipolia tulijua ni ibada, ni arusi, au kuna msiba kwa jirani.

Leo twende mbali kidogo, hadi Vienna, mji mkuu wa Austria. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano iko kengele ambayo wenyeji huiita Pummerin. Habari zake zinatuhusu sisi wenye nyumba na watoto.

Mwaka 1683 jeshi la Waturuki liliuzingira mji huo. Liliposhindwa likaacha mizinga yake, na mwaka 1711 shaba ya mizinga ikayeyushwa na kusubiwa kengele. Vyombo vya kuua vikageuka chombo cha kuita watu kusali. Kengele ilikuwa nzito hata ilihitaji wanaume 16 kuivuta kwa kamba mpaka iyumbe. Ilipofika 1878 ilihofiwa kwamba kuyumba kwake kungeudhuru mnara, basi wakaacha kuiyumbisha, wakawa wanavuta ulimi wake tu.

Kisha Aprili 1945, Vita Kuu ya Pili ikielekea mwisho, maduka ya jirani yakashika moto. Moto ukafika kwenye paa la kanisa, lililojengwa kwa mbao. Tarehe 12 kengele ikaanguka, ikavunjika vipande vipande.

Mama anayenunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole na kutega sikio, maana chenye ufa hujulikana kwa mlio wake. Kengele nayo ni hivyo hivyo. Imetengenezwa kwa shaba nyekundu na bati, ni ngumu, lakini ikipata ufa sauti yake huharibika. Hii ya Vienna haikupata ufa tu, ilipasuka kabisa. Hata hivyo vipande havikutupwa. Viliokotwa vikahifadhiwa.

Nchi ilikuwa na njaa, na majeshi ya mataifa manne yalikuwa yakiitawala. Lakini kila mkoa ulichangia ujenzi wa kanisa. Mmoja ulileta mawe ya sakafu, mwingine viti, mwingine madirisha, mwingine lango. Mkoa wa Austria ya Juu ulijitolea kengele. Shaba ile ya zamani ikayeyushwa upya huko St. Florian. Jaribio la kwanza, mwaka 1950, halikufaulu. Mafundi wakaanza tena, na tarehe 5 Septemba 1951 wakafanikiwa. Kengele mpya ina uzito wa kilo 20,130 na upana wa zaidi ya mita 3. Ubavuni mwake kuna picha ya ule moto wa 1945, kwa hiyo msiba wenyewe haukufichwa. Aprili 1952 ilipelekwa Vienna kwa gari kwa muda wa siku mbili, watu wakiwa wamejipanga barabarani kuilaki. Hadi leo hulia usiku wa manane kuukaribisha mwaka mpya, na nchi nzima huisikia redioni.

Sasa tujiangalie sisi. Katika baadhi ya nyumba zetu mume na mke wamenuniana hata salamu hupitia kwa watoto. Kwingine binti amepata mimba akiwa shuleni, na baba ameapa kwamba hatakanyaga tena ule ua. Mama yuko katikati, analia usiku. Dada, usiharakishe kusema kwamba yote yamekwisha. Okota vipande: zile picha za arusi, lile jina zuri alilokuwa akikuitia, nguo za binti ulizozikunja ukaziweka. Usivitupe siku ya hasira.

Wala usibebe peke yako. Vienna peke yake haikujenga kanisa lake. Mwendee shangazi, mzee mwenye busara, mchungaji au padre wenu, mseme naye. Na kikao cha kwanza kisipofaulu, kiitishwe cha pili.

Lakini tusieleweke vibaya. Hatumwambii mama avumilie kupigwa. Waliotunza kengele ile walijua kuacha kuiyumbisha mnara ulipokuwa hatarini. Penye kipigo, kwanza kipigo kikome, na mama na watoto wawe mahali salama. Mengine yatazungumzwa baadaye.

Liko jambo moja la mwisho. Mwaka 2011 kengele ile iliwekewa ulimi mpya, mwepesi kuliko ule wa kwanza, ili usiiumize kengele. Inaendelea kulia vizuri. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, nasi tunajua jinsi neno moja zito, likirudiwa kila jioni mezani, linavyoweza kupasua nyumba. Tukijaribu wiki hii kusema yale yale tunayotaka kusema, ila kwa ulimi mwepesi zaidi, huenda baba naye akasikiliza, na huenda yule binti akapata njia ya kurudi nyumbani.

Mungu azibariki nyumba zenu. Tuonane mwezi ujao.